Siku Njema na Deni Lake

Wiki mbili kabla ya Idi, fundi cherehani mwenye selimundu hujikuta katika hali anayoiombea mwaka mzima: hana maumivu. Mifupa imetulia, usingizi unakuja bila kubembelezwa, macho yamepungua umanjano. Basi anapokea vitambaa. Magauni kumi yanakuwa ishirini, ishirini yanakuwa thelathini, kwani nani ajuaye hali hii itadumu mpaka lini? Anashona hadi saa nane za usiku. Maji anakunywa akikumbuka, na hakumbuki. Mkesha wa Idi nyonga ya kushoto inaanza kugonga kama nyundo iliyofungiwa ndani ya mfupa, na sikukuu inamkuta wodini, dripu mkononi, wateja wakipiga simu kuulizia nguo zao.

Fundi huyu hana jina kwa sababu anaweza kupewa majina elfu. Ondoa cherehani, weka mtihani wa kidato cha nne, au msimu wa kuvuna mpunga, au harusi ya mdogo wake, kisa hakibadiliki. Jirani akisikia atasema ugonjwa umemvamia ghafla. Kumbe zile siku njema kumi na nne alizitumia zote kama mshahara wa mwisho wa mwezi, bila kubakiza hata nauli.

Ushauri mwingi anaopewa mtu mwenye ugonjwa wa kudumu unahusu siku mbaya: ameze nini, alale vipi, akimbilie wapi. Ushauri huo una nafasi yake, na hapa utaupata. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya kuishi na ugonjwa unaopanda na kushuka hufanyika siku ambayo hakuna kinachouma, siku ambayo mwenyewe hana hamu hata ya kulitaja jina la ugonjwa wake.

Selimundu, au siko seli kama inavyoitwa mitaani, ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata anapopokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ambao mara nyingi wao ni wazima kabisa. Hitilafu yenyewe ni ndogo mno: herufi moja tu katika maelezo ya kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe ya kawaida ni laini, hupenya hata kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Chembe yenye himoglobini hii, ikipungukiwa oksijeni au maji, hukakamaa na kujipinda mfano wa mundu wa kukatia majani. Zikikwama nyingi pamoja damu haipiti, na sehemu iliyonyimwa damu huuma kupita kiasi. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Hizi huishi 10 hadi 20. Ndiyo maana damu huwa pungufu wakati wote na macho hupata umanjano.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na imo kwenye orodha ya nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani pamoja na Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Chanzo cha wingi huo ni mbu. Mwaka 1954 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, akionyesha kwamba mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Wabebaji wakasalimika kwa vizazi na vizazi, na jeni ikasalimika nao. Hapo ndipo wengi huchanganya: kinga hiyo ni ya mbebaji, si ya mgonjwa mwenye jeni mbili. Kwa mgonjwa, malaria ni mojawapo ya njia fupi za kufika wodini, na chandarua chake hakina likizo hata wakati wa kiangazi.

Katika jimbo la Virginia, Marekani, watu wazima 232 wenye selimundu waliombwa kuandika kila siku kama wana maumivu au hawana, kwa muda uliofikia miezi sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Maumivu yalikuwepo katika zaidi ya nusu ya siku zote zilizoandikwa, lakini siku za kwenda hospitali hazikufika hata 4 katika kila 100. Daktari, basi, huziona siku hizo nne. Nyingine huonwa na mkeka, mto, mama na mume, na ndizo zinazohitaji mpango.

Mpango huanza na hesabu ya nguvu. Kila nyumba yenye mita ya umeme ya Luku inaijua hesabu hii: uniti zikiwa nyingi, pasi inawaka, jiko linawaka, redio inaimba kutwa; zikibaki tatu, watu wanakumbuka kuzima taa ya uani. Mwenye selimundu ana uniti zake za kila siku, ila mita yake haina kioo. Hajui zimebaki ngapi mpaka giza liingie. Kwa hiyo hawezi kusubiri mwili umwambie amechoka, maana ukishamwambia, amekwisha kuchelewa.

Dawa ya mita isiyo na kioo ni saa ya ukutani. Fundi wetu aliyekwisha kujifunza hupumzika kwa saa, si kwa uchovu: muda aliojiwekea ukifika anasimama, anajinyoosha, anakunywa bilauri ya maji, anakaa dakika kumi hata kama mikono inawasha kuendelea. Anaacha kazi akiwa bado na nguvu ya kushona gauni jingine. Na anapokea magauni kumi na mbili ya uhakika badala ya thelathini ya kubahatisha, huku akiwaambia wateja tarehe ya kuchukua ambayo imetangulia sikukuu kwa siku nne. Siku hizo nne si uvivu. Ni akiba ya maradhi, kama vile mkulima anavyoacha mbegu ghalani.

Upande wa pili wa hesabu hiyo husahauliwa zaidi. Mtu akitoka kwenye maumivu makali hujiona ana deni la kazi na kutaka kulilipa kwa siku moja: nguo zote zilizolala, ndoo zote tupu. Au kinyume chake, anaogopa kutikisika, analala wiki tatu mpaka misuli inalegea na kupanda ngazi kunamtoa jasho. Kurudi polepole ndiko kunakofaa, leo robo ya kazi, kesho kutwa nusu. Kutembea kidogo jioni na mazoezi ya wastani hayajakatazwa. Kinachokatazwa ni kujikamua mpaka pumzi ikatike.

Halafu daftari. Si lazima liwe la kitabibu; daftari la shule la kurasa 48 linatosha, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Kila jioni mistari miwili mitatu: maumivu kiasi gani kati ya 0 na 10, yako wapi, usingizi wa jana, maji, kazi ya siku, hali ya hewa, na kwa wanawake, siku ya hedhi. Siku njema iandikwe pia, maana bila yake hakuna cha kulinganisha. Baada ya miezi mitatu kurasa huanza kusema mambo. Mmoja ataona maumivu yake hutangulia hedhi kwa siku mbili. Mwingine ataona yanafuata safari za basi za usiku, akikaa kiti kimoja usiku kucha huku akijizuia kunywa maji ili asiombe gari lisimame. Wa tatu atakuta yanafuata ugomvi wa nyumbani, na hilo nalo si la kuchekwa, kwa kuwa msongo wa mawazo ni kichochezi kinachojulikana.

Tahadhari moja: daftari si mahakama. Mashambulio mengi huja bila sababu yoyote inayoonekana, hata kwa mtu aliyekunywa maji yote na kulala mapema. Mama anayefungua daftari la mwanawe ili atafute kosa, "unaona, ulicheza mvuani", anamfundisha mtoto kuficha maumivu. Mtoto anayeficha maumivu ataficha na homa.

Maji yanastahili aya ndefu kuliko vyote, kwa vile ni dawa ya bei nafuu inayokosewa kila siku. Mtu mzima hushauriwa kunywa karibu lita 3 kwa siku, zaidi kukiwa na joto, homa au kuhara, isipokuwa daktari amempa kiwango tofauti kwa ajili ya moyo au figo. Tatizo ni kwamba selimundu huharibu mapema uwezo wa figo kubana mkojo, hata kwa watoto wadogo. Mwenye ugonjwa huu hukojoa mara nyingi na mkojo mwingi, na mtoto wake hukojoa kitandani kupita umri ambao wenzake wameacha. Mzazi asiyejua sababu hufanya anachofanya mzazi yeyote: anamnyima maji kuanzia jioni, au anamchapa. Maji yakinyimwa usiku, damu hukolea, na alfajiri mtoto huamka akilia mguu. Afadhali shuka lifuliwe. Nailoni juu ya godoro, kumwamsha mtoto mara moja usiku, na kuachana na maneno ya aibu ni bei ndogo kuliko kitanda cha wodi. Shuleni nako mwalimu ajulishwe mwanzoni mwa muhula kwamba mwanafunzi huyu atakuwa na chupa ya maji mezani na atatoka kwenda chooni bila kuinua mkono mara tatu.

Mfungo wa Ramadhani huleta swali hilohilo kwa watu wa pwani na kwingineko. Kukaa bila maji toka alfajiri hadi magharibi katika joto la Dar es Salaam au Mombasa ni hatari kwa wengi wenye selimundu, na Uislamu wenyewe umempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, ikiwamo njia ya fidia kwa mwenye maradhi yasiyopona. Mazungumzo na daktari na shehe yafanyike Shaabani, si siku ya tano ya mfungo mtu akiwa amekwisha kuanguka. Kijana anayeona haya kula mchana wenzake wakifunga anahitaji mtu mzima wa nyumbani aseme waziwazi, mbele ya wote, kwamba huyu ana ruhusa.

Baridi ni kichochezi kingine, na hapa watu hudhani inazungumziwa theluji. Kipupwe cha Juni na Julai kinatosha. Utafiti uliofanywa London ulionyesha kwamba wagonjwa wa selimundu waliolazwa kwa maumivu waliongezeka siku za upepo mkali na hewa kavu, hata pale kipimo cha joto kilipokuwa hakijabadilika sana. Upepo hupoza ngozi na mishipa ikajibana. Mtu wa hapa atauelewa utafiti huo akikaa nyuma ya bodaboda saa kumi na moja alfajiri bila koti. Koti la kuzuia upepo linastahili kununuliwa kabla ya redio mpya. Maji ya kuoga yapashwe moto, hasa kwa mwanafunzi wa bweni anayeamshwa usiku kuoga maji ya bomba. Kuogelea baharini si haramu, ila mtoto atoke kabla hajaanza kutetemeka na taulo limsubiri ufukweni. Na mfupa ukianza kuuma, usiwekewe barafu kama mguu wa mchezaji mpira; baridi hubana mishipa iliyokwisha kubanwa. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kanga hufaa zaidi.

Joto kali nalo halina huruma. Albert Johnson, mwanamuziki wa rap aliyejulikana kama Prodigy wa kundi la Mobb Deep, aliishi na selimundu tangu utotoni. Juni 2017 alitumbuiza Las Vegas, jiji la jangwani, akalazwa kwa shambulio la ugonjwa huo, na siku chache baadaye akafariki hospitalini akiwa na umri wa miaka 42. Uchunguzi ulieleza kuwa alipaliwa na chakula. Kisa hicho hutajwa kwa kifo chake, lakini kwa msomaji mwenye selimundu somo liko nyuma kidogo, kwenye kazi ya jukwaani katika joto la jangwani.

Milima nayo. Mwaka 2007 Ryan Clark, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa Pittsburgh Steelers, alicheza Denver, jiji lililo karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Yeye si mgonjwa bali mbebaji wa jeni moja, na bado aliugua vibaya baada ya mchezo huo hadi kuondolewa bandama na kibofu cha nyongo. Timu yake iliporudi Denver Januari 2012, hakuchezeshwa. Si kila mbebaji hupatwa na hayo, wengi hawapatwi kamwe. Ila yule anayepanga kuupanda Kilimanjaro, au mgonjwa anayehamishiwa kazi nyanda za juu, amwone daktari kwanza.

Dawa za kila siku ndizo zinazoachwa mara mtu anapojisikia vizuri, na kuachwa kwake hueleweka: nani anapenda kumeza vidonge vinavyomkumbusha ugonjwa siku ambayo ameusahau? Lakini dawa hizo ni za siku njema. Watoto hupewa penisilini mara mbili kwa siku mpaka angalau miaka mitano, kwa sababu bandama yao, mlinzi wa damu, huharibika mapema na kuwaacha wazi kwa bakteria wa nimonia. Kuna foliki asidi ya kusaidia utengenezaji wa damu. Na kuna haidroksiurea, ambayo huuchochea mwili kutengeneza tena himoglobini ya mtoto wa tumboni, aina isiyokubali kujipinda. Kwa watu wazima, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza mashambulio ya maumivu kwa karibu nusu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni dawa ya nchi tajiri, mpaka mwaka 2019 yalipotoka matokeo ya watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua.

Haidroksiurea haitulizi maumivu yaliyokwisha kuanza. Hufanya kazi kwa miezi, kimyakimya, na anayeimeza siku za maumivu tu ni sawa na anayepalilia shamba siku ya kuvuna. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe, na mwenye mpango wa kupata mtoto, mwanamume au mwanamke, aizungumzie na daktari kabla. Kwa upande mwingine, dawa za "kuongeza damu" zenye madini ya chuma, ambazo kila shangazi anazo mkobani, zisinywewe bila kipimo. Damu ya selimundu haipungui kwa kukosa chuma. Aliyeongezewa damu mara nyingi huwa na chuma kupita kiasi, na ziada hiyo huharibu ini na moyo. Juisi ya rozela na matembele anywe na ale kwa raha zake kama chakula, bila kuyakabidhi kazi ya daktari.

Siku mbaya ikifika, nyumba iwe na lugha moja. Kwa maumivu ya 3 au 4: maji, blanketi, paracetamol, kazi zisimame. Kwa 5 au 6: dawa iliyoandikwa na daktari inaongezwa, na mtu mmoja anabaki nyumbani naye. Kwa 7 na kuendelea, au dawa zikishindwa ndani ya saa chache, anatafutwa dereva bila mjadala. Namba hizi azipange mwenyewe akiwa mzima, zibandikwe kabatini, kwa sababu mtu aliye kwenye 7 mara nyingi hana nguvu ya kubishana. Dawa za jamii ya ibuprofeni zitumike kwa kipimo na kwa ruhusa ya daktari, kwa ajili ya zile figo.

Yapo mambo yasiyosubiri namba. Homa ya kuanzia nyuzi 38, hata bila maumivu, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kipimajoto kiwemo nyumbani. Kifua kuuma au pumzi kukatika. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, kwa mtoto pia, maana selimundu huleta kiharusi hata kwa mtoto wa miaka mitano. Mtoto kupauka ghafla huku tumbo la kushoto likijaa: hapo damu imekimbilia kwenye bandama. Nchini Jamaica, Graham Serjeant na wenzake waliwafundisha akina mama kupapasa bandama za watoto wao nyumbani, na vifo vya tatizo hilo vikapungua sana. Muuguzi wa kliniki anaweza kumwonyesha mzazi kwa dakika chache. La mwisho wavulana hulificha kwa aibu: uume kusimama kwa maumivu bila hamu yoyote. Hali hiyo ikizidi saa mbili, aende hospitali. Kuchelewa huweza kumwachia ulemavu wa maisha. Baba au mjomba amwambie mapema, kabla ya balehe, kwa maneno ya kawaida.

Mjamzito wa miezi minane huwa na begi lake tayari nyuma ya mlango. Mwenye selimundu anastahili begi hilo mwaka mzima: kadi ya kliniki na ya bima, kanga au shuka, soksi, chaja, nauli iliyokunjwa pembeni, na karatasi moja yenye majina ya dawa zake, dawa zinazomdhuru, na kiwango chake cha kawaida cha himoglobini. Kiwango hicho kina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwenye selimundu anaweza kuishi na 7 akisoma, akifanya kazi na kucheka, ilhali daktari mgeni akiona 7 huwaza kumwongezea damu haraka. Karatasi inayosema "7 ndiyo yangu ya kila siku" humwezesha daktari kuangalia kilichobadilika.

Karatasi hiyo husaidia pia kwenye jambo chungu, la kutosadikiwa. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha maumivu ya selimundu. Aliyezoea kuumwa anaweza kuwa kwenye 8 huku akijibu ujumbe kwenye simu, na mhudumu akapita akisema moyoni kwamba huyu anaigiza au ametamani sindano. Tuhuma hiyo imewanyima wengi mofini waliyoihitaji. Uganda ilichagua njia nyingine: tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, na ile ya maji hutengenezwa humohumo nchini. Kwa mgonjwa aliye mbele ya mhudumu asiyemjua, sentensi fupi zenye vipimo husikika kuliko kilio: maumivu yalianza saa tatu usiku, yalikuwa 5, sasa ni 8, nimemeza hiki saa hii na hiki saa ile, safari iliyopita nilisaidiwa na dawa hii. Ndugu aliyemsindikiza azijue sentensi hizo pia.

Kazini na kwenye jamii ugumu ni uleule wa kutoonekana. Jumatatu alibeba ndoo, Jumatano hawezi kubeba kikombe. Mwajiri anaona ujanja. Anayeona inafaa kueleza hali yake achague siku anapofanya kazi vizuri, aende na barua ya kliniki na pendekezo mkononi, kwa mfano nani atashika zamu yake na yeye ataifidia vipi. Misiba na shughuli zina sheria zake, na kutoonekana msibani huzaa kinyongo cha miaka. Asiyeweza kukesha anaweza kutuma mchango siku ya kwanza kwa simu na kufika siku ya pili mchana, akae saa moja karibu na mlango. Watu hukumbuka kwamba alifika.

Tionne Watkins, mwimbaji T-Boz wa kundi la TLC, mwenye selimundu, ameeleza hadharani kwamba alipokuwa mdogo aliambiwa asingevuka miaka 30. Alizaliwa mwaka 1970. Watoto wengi zaidi wenye selimundu sasa wanafika utu uzima, na ndipo hujitokeza shida ambayo familia nyingi hazikuiandaa: kijana wa miaka 18 anahamia kliniki ya watu wazima akiwa hajui jina la dawa yake, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akijibu kila swali. Kuanzia miaka 12 hivi daftari lihamie mikononi mwake. Kliniki inayofuata, mama akae kiti cha nyuma, na daktari akiuliza "mtoto anaendeleaje?" auachie ukimya uwepo mpaka mwenyewe ajibu: himoglobini yangu ni ngapi, nameza nini, mara ya mwisho niliumwa lini, na wiki hii nimelala vipi.